MacBook Air ya M1 kwenye meza ya mpiga picha za harusi

Mpiga picha akiingia katika duka la kompyuta Kariakoo na kusema anatafuta laptopu ya kuhariria picha, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama anataka Core i5 au i7, na la pili ni diski ya ukubwa gani. Ni nadra sana kuulizwa habari za kioo. Mimi mwenyewe nilinunua kompyuta yangu ya kwanza ya kazi kwa kufuata maswali hayo mawili, na kwa miaka miwili nikafanya kazi juu ya kioo kilichonidanganya bila mimi kujua. Makala haya yanahusu kompyuta niliyoichagua baada ya hapo, MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M1, RAM ya gigabaiti 16 na diski ya gigabaiti 512, ambayo ninaitumia kuhariri picha za harusi, sendofu na kicheni pati jijini Dar es Salaam. Lakini siwezi kuieleza vizuri bila kueleza kwanza kilichonifanya niache kutanguliza prosesa.

Ilikuwa harusi ya mwezi wa Desemba, na upande wa bibi harusi walivaa vitenge vya rangi ya chungwa iliyokolea. Katika kioo changu vitenge vile vilionekana vimepauka, na nyuso za wazee waliokaa chini ya turubai zilikuwa na rangi ya kijivu, kwa hiyo usiku kucha niliongeza wekundu na joto la rangi mpaka picha zikafanana na nilivyoikumbuka siku yenyewe. Albamu ilipotoka kuchapwa, vitenge viliwaka kama makaa na nyuso zilikuwa nyekundu kana kwamba zimepakwa udongo. Mama wa bibi harusi aliifungua, akafika ukurasa wenye picha yake, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, huyu ni mimi kweli?” Niliichapisha albamu upya kwa gharama yangu. Waliochapa hawakuwa na kosa lolote, kwa kuwa walichapa kile hasa nilichowapelekea.

Kosa lilikuwa kwenye kioo. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika, pamoja na nyingi mpya za bei ya chini, zina vioo ambavyo kwenye karatasi za kiwanda huandikwa kuwa ni vya asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha zamani cha wigo wa rangi za televisheni, maana yake ni kwamba vinaweza kuonyesha kidogo zaidi ya asilimia 60 tu ya rangi za sRGB, na sRGB ndiyo wigo wa kawaida wa rangi unaotumika kwenye intaneti na katika sehemu nyingi za kuchapia picha. Rangi zinazokosekana hapo si rangi za ziada ambazo mtu anaweza kuishi bila kuzijali. Ni wekundu, uchungwa na ukijani uliokolea, yaani kitenge, khanga, maua ya ukumbini na joto la ngozi ya binadamu. Kioo kikishindwa kuonyesha wekundu uliomo ndani ya faili, mhariri huongeza mwingine juu yake, na ule wa ziada hubaki umejificha mpaka siku karatasi itakapoutoa hadharani.

Kwa sisi tunaopiga picha watu wenye ngozi nyeusi, upungufu huo una upande wa pili. Uso mweusi uliopigwa ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu una maelezo mengi katika sehemu zake za giza: mkunjo wa tabasamu, ukingo wa shavu, nywele zinapoachana na ukuta wa nyuma. Kioo cha TN, ambacho ni teknolojia ya zamani na ya gharama nafuu, hubadilisha giza hilo kila unapoinua au kuinamisha kichwa, na mhariri anaweza kung'arisha uso ambao tayari ulikuwa sawa kwa sababu tu alikuwa ameegemea kiti. Kwa hiyo ninapomshauri mpiga picha mwenzangu, ninamwambia aanze na kioo cha IPS au OLED, aina mbili zisizobadilika hivyo, kinachofikisha sRGB karibu yote; ikiwa karatasi ya kiwanda inatumia NTSC, asilimia 72 ndiyo inayokaribia kiwango hicho.

MacBook Air ya M1, iliyotangazwa na Apple mwezi Novemba 2020, ina kioo cha IPS cha inchi 13.3 chenye pikseli 2560 kwa 1600, mwangaza wa niti 400, na wigo wa rangi wa P3, ambao unaizidi sRGB kwa takriban robo. Namba hizo si kubwa sana kwa vipimo vya leo, lakini kilichonivutia ni kwamba hata toleo la bei ya chini kabisa la kompyuta hiyo lilipewa kioo hicho hicho. Katika aina nyingi za laptopu za Windows, jina moja na namba moja ya modeli huweza kubeba vioo vitatu au vinne tofauti, na muuzaji wa kompyuta zilizotumika mara nyingi hana njia ya kujua ni kipi kimo ndani ya ile iliyo mezani kwake. Kwa mnunuzi wa Kariakoo, uhakika wa aina hiyo una thamani kubwa.

Hata hivyo kioo kizuri nacho kinahitaji kuwekwa sawa kabla ya kuaminiwa. Jambo la kwanza ni kuzima True Tone na Night Shift, kwa kuwa zote mbili hubadilisha rangi ya kioo, ya kwanza kufuata mwanga wa chumbani na ya pili kufuata saa, na pia kuzima mwangaza unaojipandisha na kujishusha wenyewe. Jambo la pili ni kupunguza mwangaza. Kazi ya kuchapa huhitaji kioo chenye mwangaza wa niti 80 hadi 120, yaani candela kwa mita ya mraba, ambao ni mdogo sana ukilinganisha na uwezo wa kioo hiki, na ndiyo maana watu wanaohariri huku mwangaza umefika mwisho hulalamika kila mara kwamba picha zao zinachapwa zikiwa na giza. Asiye na kifaa cha kupimia rangi anaweza kufungua ukurasa mweupe mtupu, kuweka karatasi nyeupe kando yake chini ya taa ya chumba, kisha kushusha mwangaza mpaka viwili hivyo vilingane. Nimefanya hivyo kwa muda mrefu kabla ya kumudu kifaa. Jambo la tatu ni kutoa faili za mwisho kwa sRGB, kwa sababu picha iliyotolewa kwa wigo mpana zaidi ikifika kwenye simu au programu isiyousoma wigo huo hubadilika rangi, na mteja atamlaumu mpiga picha.

Kuna jambo moja ambalo mgeni wa vioo vya pikseli nyingi anapaswa kulizoea. Pikseli za kioo hiki zimebanana kiasi cha 227 kwa kila inchi, hivyo picha ikitazamwa kwa asilimia 100 huonekana kali kuliko ilivyo, na jicho lililolegea kidogo kwenye fokasi linaweza kupita bila kuonekana. Ninapochagua picha za albamu kubwa huwa nakuza hadi asilimia 200. Ukubwa wa kioo nao ni mdogo kwa kazi ya siku nzima. Paneli za Lightroom Classic, programu ya Adobe ninayohariria, zikiwa wazi pande zote mbili, picha ya kusimama hubaki kama stempu katikati. Kubonyeza kitufe cha Tab ili kuficha paneli za pembeni ni tabia iliyoniingia kwenye vidole.

Baada ya kioo ndipo inapokuja RAM, na hapa sina budi kusema kwa msisitizo, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza fedha. RAM ya kompyuta hii imefungwa pamoja na chipu yenyewe, na diski imelehemewa kwenye bodi kuu. Hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, atakayekuongezea RAM kwa kuchomeka kipande kipya kama inavyofanyika kwenye laptopu za ThinkPad au EliteBook za zamani. Utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho siku ya mwisho. Sasa tazama kazi yenyewe. Picha moja ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwenye Photoshop kwa biti 16, kila tabaka la pikseli linakula takriban megabaiti 144, na kazi ya kawaida ya kusafisha ngozi na kurekebisha mandhari ikiwa na matabaka 10 tayari imefika karibu gigabaiti 1.5, bila kuhesabu kumbukumbu ya hatua ulizopitia, Lightroom iliyo wazi nyuma yake, kivinjari, na mfumo wenyewe wa kompyuta. Adobe wanataja gigabaiti 8 kuwa kiwango cha chini na 16 kuwa kinachopendekezwa. Kwa gigabaiti 8 kompyuta haitakataa kufanya kazi. Itaazima nafasi kwenye diski, na kwa kuwa diski yake ni ya kasi, utaona tu kigugumizi kidogo unapotoka programu moja kwenda nyingine. Kwa picha chache za kutuma Instagram hilo linavumilika, lakini mwenye kuhariri harusi nzima kila wiki asikubali chini ya 16.

Ugumu ni kwamba matoleo yaliyowekwa madukani yalikuwa na gigabaiti 8, na lile la 16 lilikuwa la kuagiza kwa nyongeza ya dola 200 juu ya bei iliyoanzia dola 999. Matokeo yake, katika soko la vifaa vilivyotumika zile za gigabaiti 8 zimejaa na za 16 huonekana kwa kubahatisha. Mimi nilisubiri.

Kuhusu chipu yenyewe nitasema kwa ufupi. M1 ina kori nane, Photoshop iliandikwa upya kwa ajili yake Machi 2021 na Lightroom Classic ikafuata Juni mwaka huo, na tangu hapo kuchagua picha, kurekebisha rangi na kutengeneza barakoa za uso au anga, yaani kutenga sehemu hiyo ya picha irekebishwe peke yake, ni kazi zinazokwenda bila kusubiri. Inapozidiwa ni kwenye kipengele cha Denoise, cha kuondoa chembechembe kwenye picha za gizani, kilichoingia Lightroom Aprili 2023, ambacho hutegemea sana nguvu ya grafiki: picha moja ya megapikseli 24 huweza kuchukua dakika nzima au zaidi, ilhali laptopu yenye kadi ya grafiki ya RTX kutoka Nvidia huimaliza kwa sekunde chache. Mtu anayepiga mamia ya picha za ukumbini usiku kwa ISO ya juu, na anayetaka zote zipite kwenye kipengele hicho, ahesabu muda huo kabla ya kununua. Mimi hukitumia kwa picha za albamu tu.

Kompyuta hii pia haina feni. Kwa kazi fupi fupi hilo ni baraka, kwani hakuna kelele na hakuna mahali pa vumbi la barabarani kuvutwa ndani, na sisi tunaohariri tukiwa safarini tunajua vumbi linavyoua feni. Lakini ukiipa faili 700 za kutoa kwa mfululizo, baada ya dakika kadhaa mwili wake hupata joto na chipu hujipunguzia kasi ili isiungue. Katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari, tofauti hiyo inaonekana. Dawa yake ni kuiweka juu ya meza ngumu badala ya kitanda au mto, na kuziacha kazi ndefu zifanyike wakati wa kula.

Ninapoulizwa ni kitu gani kilichobadilisha utaratibu wangu wa kazi baada ya kioo, hujibu kuwa ni betri. Betri yake ni ya saa-wati 49.9, na Apple waliahidi saa 15 za kuperuzi intaneti. Kuhariri picha hula zaidi ya hapo, lakini bado unaweza kumaliza asubuhi nzima ya kuchagua na kurekebisha picha bila kutafuta soketi. Jambo ambalo tangazo halikulikazia vya kutosha ni kwamba kasi yake haishuki unapochomoa chaja. Laptopu nyingi zenye kadi kubwa za grafiki hupunguza nguvu mara tu zinapoachiwa betri, na chaja zake za wati 180 au zaidi hazikubali kuendeshwa na inveta ndogo ya nyumbani. Hii inatumia chaja ya wati 30, na pawabenki yoyote nzuri ya USB-C yenye kutoa umeme wa kiwango hicho inaweza kuisogeza mbele. Umeme ukikatika saa mbili usiku wakati mteja anasubiri picha za kwanza kabla ya kulala, faida hiyo haihitaji kuelezwa.

Ukiacha tundu la hedifoni, matundu ni mawili tu, yote ya USB-C na yote upande wa kushoto. Hakuna tundu la kadi ya SD, jambo ambalo kwa kifaa cha mpiga picha ni upungufu wa kweli, kwa hiyo habu yenye kisoma kadi ihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo. Diski nayo inahitaji hesabu. Faili ya RAW, yaani picha ghafi ya kamera, iliyobanwa kutoka kamera ya megapikseli 24 kama Sony A7 III ina karibu megabaiti 24, hivyo harusi ya picha 2,000 ni gigabaiti 48, na toleo la gigabaiti 256 litakuwa limejaa kabla ya harusi ya tano. Ninachofanya ni kuweka faili za RAW kwenye SSD ya nje, mbili zenye nakala sawa, na kubakiza ndani katalogi pamoja na zile nakala nyepesi ambazo Lightroom huziita Smart Previews, zenye pikseli 2560 kwa upande mrefu, ambazo zinaniwezesha kurekebisha rangi hata diski ikiwa imebaki nyumbani. Anayehamia hapa kutoka Windows ajue pia kwamba diski iliyofomatiwa kwa NTFS itasomeka kwenye Mac lakini haitaandikika. Ifomatiwe kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, ili ifanye kazi pande zote mbili.

Kwa kuwa wengi wetu tutainunua ikiwa imetumika, ukaguzi dukani ni muhimu kuliko mapatano ya bei. Mwaka huo huo wa 2020 Apple walitoa MacBook Air nyingine ya Intel ambayo kwa nje inakaribia kufanana kabisa na hii, na mfumo wa macOS wa mwaka 2025 haukuipokea tena ile ya Intel huku ya M1 ikipokelewa. Zitofautishe kwa namba iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya mwili, ambapo ya M1 ni A2337 na ya Intel ni A2179, au fungua About This Mac na uhakikishe pameandikwa Apple M1. Hapo hapo utaona RAM. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Kisha angalia idadi ya mizunguko ya betri kwenye System Information, kwa kujua kwamba betri hii imekadiriwa mizunguko 1,000. Baada ya hapo mwombe muuzaji aifute mbele yako na kuiwasha upya ikiwa imeunganishwa na intaneti, kwa sababu ni wakati huo ndipo kufuli la akaunti ya mmiliki wa zamani, au usimamizi wa kampuni iliyokuwa ikiimiliki, hujitokeza. Kompyuta yenye lolote kati ya hayo iache mezani hata kama bei ni nusu. Mwisho toa fleshi yenye picha zako mwenyewe, pamoja na picha moja iliyochapwa vizuri unayoijua rangi zake, uziweke kioo na karatasi kando kwa kando karibu na mlango, penye mwanga wa mchana. Muuzaji mwaminifu hatakukimbiza.

Si kila mtu ninayemshauri achukue hii. Mwenye studio ambaye hasafiri na kompyuta anaweza kupata zaidi kwa gharama ndogo akinunua ThinkPad T480, ambayo RAM yake huongezwa kwa urahisi na ina tundu la SD, akaiunganisha na skrini ya mezani kama Dell UltraSharp U2415 yenye asilimia 99 ya sRGB. Kioo cha laptopu hiyo kibaki kwa ajili ya kupanga faili tu. Mwenye bajeti kubwa atazame MacBook Pro ya inchi 14 ya mwaka 2021, ambayo ilianza na gigabaiti 16, ina feni, na ilirudishiwa tundu la kadi ya SD. Anayetaka mpya kabisa ya dukani na udhamini wake aanzie Air ya M4 ya Machi 2025, ambayo hata toleo lake la chini lina gigabaiti 16, na hivyo haimlazimishi mtu kusubiri kama nilivyosubiri mimi.

Kwa mpiga picha anayehama kutoka ukumbi hadi ukumbi na kuhariri popote alipopata kiti, hii ya M1 yenye gigabaiti 16 bado ndiyo ninayoitaja kwanza. Nyongeza ninayoipanga sasa ni skrini moja ya inchi 27 ya nyumbani, kwa kuwa Air hii inaruhusu moja tu ya nje, ili kazi ya albamu ifanyike kwenye kioo kikubwa na laptopu ibaki kwenye begi la kamera, ambamo kwa uzito wake wa kilo 1.29 inakaa pamoja na lenzi mbili na flashi.